Sweta Mbili za Mwezi wa Sita

Siku ile kosa lilifanywa na kidole. Akili ya Dorcas Machibya haikuwepo hata kidogo. Ilikuwa kwenye magunia arobaini ya dagaa yaliyokuwa yakipandishwa kwenye lori pale Mwaloni, soko la samaki la Mwanza, na mwenye dagaa asiyetazama magunia yake yakipanda, asije akalia yakifika Dar es Salaam yamepungua. Mkono mmoja ulishika kalamu, mwingine simu. Akafungua lile duka la mtandaoni analonunua kila mwaka, akaikuta oda ya mwaka jana imekaa pale juu, na chini yake kitufe kimeandikwa Agiza Tena. Akabonyeza. Akaongeza chupa ya chai, maana ile ya mama yake ilivunjika wakati wa msiba, akalipa, akaitumbukiza simu kwenye mfuko wa aproni na kuendelea kuhesabu.

Lilipopanda gunia la ishirini na tatu, moyo ukampiga paa.

Ameagiza sweta mbili.

Akaitoa simu kwa pupa mpaka kalamu ikadondoka chini. Ndiyo, zimo. Sweta za kike, rangi ya zambarau, mifuko miwili mikubwa, idadi mbili. Mpokeaji ni Kulwa Mashimba, Kisesa.

"Mungu wangu, nimefanya nini?" alisema kwa sauti, na kuli mmoja akageuka akidhani dagaa wamemwagika.

Ngoja nikueleze, maana bila hili hutaelewa kwa nini mwanamke wa miaka arobaini na sita, mwenye magunia yake na heshima yake, alikaa chini akashika kichwa. Kulwa ndiye mama yake. Doto alikuwa mama yake mdogo. Walizaliwa siku moja kulekule Kisesa, Kulwa akatangulia, Doto akafuata, na kwa Wasukuma pacha ni pacha: ukimpa huyu, mpe na yule, na kiwe kilekile, rangi ileile. Ukija na kimoja, bora ungekuja mikono mitupu. Walilelewa hivyo, wakaolewa wakapelekewa zawadi hivyohivyo, na wote wawili walipofiwa na waume zao, Doto alifunga mizigo yake akahamia kwa mwenzake. Chumba kimoja, vitanda viwili, na ukutani misumari miwili ya kutundikia nguo. Kila mwezi wa sita, baridi ikianza kuingia asubuhi, Dorcas aliwapelekea sweta. Kulwa mfukoni mwake alitia leso na rozari. Doto alitia miwani na kikopo cha ugoro, ingawa huo ugoro aliukana mpaka anaingia kaburini.

Na kaburini aliingia mwezi wa tatu mwaka huu. Aliugua siku nne tu.

Baada ya hapo mama yake Dorcas alikuwa mtu wa kukaa barazani akitazama barabara. Chakula alionja, kanisani hakwenda, akiongea ni ndiyo na hapana. Ukoo ukakutana ukakubaliana: jina la Doto lisitajwe mbele yake. Siku ya kuondoa matanga nguo za marehemu ziligawiwa zote, kama ilivyo desturi, na kitanda chake alikitoa Dorcas mwenyewe, na kiti chake cha barazani akakifungia stoo. Alifanya hivyo kwa upendo, mtu asimsingizie lingine. Aliona kila kitu cha Doto ni mwiba, akawa anaing'oa mmojammoja.

Halafu Jumapili iliyopita, bila kusukumwa na mtu, mama aliamka, akaoga, akaenda misa ya kwanza. Na jioni yake akapiga simu mwenyewe, yeye ambaye kwa miezi mitatu alikuwa akipigiwa tu.

"Dorcas, baridi imeingia huku. Sweta vipi mwaka huu?"

Lilikuwa jambo la kwanza aliloomba tangu mazishi. Dorcas alikata simu akalia kwa furaha nyuma ya jiko lake pale Igogo, watoto wakamuuliza mama una nini, akasema moshi. Sasa umeelewa? Mama anaanza kuinuka, halafu mwanawe mwenyewe anampelekea sweta ya marehemu, imekunjwa vizuri, mpaka mlangoni.

Haya. Pale Mwaloni mambo ya namna hii hayana shida. Gunia likishapanda, ukikumbuka kwamba si lako au limelowa, unapaza sauti, "Teremsha!" na linateremka. Ilimradi lori halijawashwa, hakuna kilichoharibika. Dorcas alikuwa ameteremsha magunia kwa miaka kumi na minane, akaona hii nayo ni ya kuteremsha tu. Lori la duka lile hutoka ghalani Dar es Salaam saa kumi na mbili jioni, na wakati huo ilikuwa saa saba mchana.

Akatafuta kitufe. Akakiona: Ghairi Oda. Chini yake maandishi madogo yakasema oda nzima itafutwa. Akatafuta cha kufuta kitu kimoja, akapanda, akashuka, hakuna. Akafikiri afute yote aagize upya, moja safari hii, lakini alipofungua ukurasa wa sweta zile akakuta zimeandikwa Zimeisha. Za mwisho alikuwa amezichukua yeye. Angezifuta, zingekaa siku saba kabla ya kurudi dukani, na wa kwanza kuzikuta ndiye angekuwa mwenyewe.

Na usiniambie kwamba Mwanza hakuna sweta. Zipo, Makoroboi zimejaa mpaka barabarani. Lakini mama aliomba ileile aliyoizoea, yenye mifuko ya kuingiza mikono mpaka vifundoni, na mtu aliyeanza tu kutaka kitu baada ya miezi mitatu, huanzi kumbadilishia.

Akaandika kwenye kile kisanduku cha msaada: Nataka kufuta sweta moja, nyingine ibaki pamoja na chupa ya chai.

Mashine ikajibu hapohapo, kwa bashasha kabisa: "Habari Dorcas! Umechagua kufuta oda. Tafadhali chagua sababu."

Sababu zikapangwa. Nimebadili mawazo. Nimepata kwa bei nafuu zaidi. Mzigo umechelewa. Nimeagiza kimakosa. Dorcas alizisoma kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu. Hapakuwa na iliyosema mwenye sweta amefariki. Basi akachagua ile ya kimakosa, na mashine ikauliza: "Tufute oda nzima?"

"Hapana, mpumbavu wewe!" alifoka, na safari hii makuli wote waligeuka.

Akapiga simu. Akapigiwa muziki dakika ishirini, ule muziki wa kukupima kama kweli una shida. Mwisho akapokea binti aliyejitaja kuwa Winnie, sauti laini, adabu tele.

"Mama, nimekuelewa vizuri, na pole sana. Lakini sweta hizo zinauzwa jozi. Mfumo hauwezi kuzitenganisha."

"Jozi? Jozi si viatu? Sweta inakuwaje jozi?"

"Ndivyo zilivyoingizwa kwenye mfumo, mama. Ukiagiza zinakuja mbili."

Miaka yote hiyo Dorcas hakuwahi kuligundua, kwa sababu miaka yote hiyo alitaka mbili. Na huo mfumo, jamani, siku hizi ndio mkubwa wa kila ofisi. Ukienda kuzaa mfumo, ukienda kuzika mfumo.

"Ninachokushauri," Winnie aliendelea, "upokee zote, halafu moja uirudishe."

"Na ule ujumbe mnaotumaga kwa mpokeaji?"

"Utakwenda kwenye simu ya mpokeaji mzigo ukitoka ghalani, ukiwa na orodha ya vilivyomo."

Hapo ndipo penyewe. Mama yake alisoma mpaka darasa la nne, na ujumbe wa simu huusoma kwa kutamka herufi moja baada ya nyingine, hauachi mpaka auelewe. Sweta mbili. Angeyasoma maneno hayo yuko peke yake barazani. Dorcas alimshukuru Winnie, maana kosa si lake, akamwachia Shimba, nyapara wa makuli, hesabu ya magunia yaliyobaki, akarukia bodaboda kwenda mjini.

Alikwenda kwa Tasleem. Tasleem ana duka la vyombo mtaa wa Rufiji, sufuria mbele, ndoo za plastiki zinaning'inia juu, na pembeni meza ya mizigo, maana ndiye wakala wa lile duka la mtandaoni kwa Mwanza na vitongoji vyake. Babu yake alikuwa mnunuzi wa pamba kule Magu, na mjukuu mpaka leo mteja akimbania bei huhamia kwenye Kisukuma, na mteja hulainika.

"Kaa kwanza, unahema," Tasleem alimwambia. Akasikiliza mwanzo hadi mwisho bila kumkatiza. Kulwa na Doto aliwafahamu. Waliwahi kuja dukani kwake kuchagua sufuria mbili zinazofanana, wakamfungulisha maboksi tisa.

"Mzigo ukifika hapa," alisema, "nafungua, natoa moja, nafunga, dakika mbili. Lakini ujumbe ukishatoka Dar es Salaam, dada yangu, mimi siwezi kuurudisha."

"Ndiyo maana nimekuja. Sasa saa kumi kasoro."

Tasleem akawaza kidogo huku akigonga kucha mezani. "Kuna bwana mmoja anafunga mizigo kule ghalani. Kashindye. Huwa tunaongea mzigo ukipotea. Mtu wa kwenu, kwao Magu." Akapiga, akaweka sauti ya nje.

Kashindye alipokea mara moja. Nyuma yake zilisikika tepu za gundi zikivutwa kraa, kraa. Tasleem akamtajia namba ya oda, akaambiwa asubiri, na muda si muda akarudi.

"Ninao hapa, bado sijaufunga. Sweta mbili, chupa moja. Mfumo kweli haukubali, lakini ujumbe unafuata ninachoandika mimi wakati wa kufunga. Nikiandika moja, itasomeka moja. Mkubwa wangu nitamweleza." Kisha akauliza, "Kwani imekuwaje?"

Dorcas akasogea kwenye simu. "Kaka yangu, ni za mama na pacha wake. Doto alifariki mwezi wa tatu. Sitaki mama aione hiyo ya pili."

Gundi zikanyamaza kule ghalani. Mpaka Tasleem akatazama simu kama imekatika.

"Dada," Kashindye alisema, "una hakika?"

"Nina hakika."

"Haya. Naitoa."

Dorcas akashusha pumzi ambayo, kwa maelezo yake mwenyewe, aliishikilia tangu saa saba. Kumbe hata huko kuna watu, kumbe hata huko unaweza kupaza sauti gunia likateremka! Tasleem akamwagizia chai ya tangawizi na kuanza kumchokoza.

"Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa."

"Hawakukiona cha kwangu," alisema Dorcas. "Kimoja tu, na kimetuhangaisha watu watatu."

Wakacheka mpaka mteja wa ndoo akacheka nao bila kujua anachekea nini.

Jumamosi Dorcas alikwenda Kisesa na sato wawili kwenye mfuko. Moyo wake ulikuwa mweupe. Alimkuta mama yake barazani, amevaa kanga safi, nywele zimechanwa, na mbele yake, juu ya kigoda, boksi halijafunguliwa. Alikwenda kulichukua mwenyewe kwa wakala mdogo wa Tasleem pale sokoni tangu juzi. Siku mbili lilikaa linamngoja Dorcas, maana ndivyo walivyozoea: boksi hufunguliwa yeye akiwepo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo, njoo. Barabara haikukuchosha?"

Palikuwa na viti viwili. Dorcas alikijua cha pili, ndicho alichokifungia stoo kwa mikono yake. Alidhani kimetolewa kwa ajili yake, akataka kukaa.

"Hicho kiache," mama alisema kwa upole. "Kaa hapo kwenye mkeka."

Akakaa kwenye mkeka. Mama akachukua kisu cha jikoni, akakata gundi, akafungua. Akatoa chupa ya chai, akaitazama, akasema ahsante. Akatoa sweta, akaipangusa ingawa haikuwa na vumbi, akaiweka mapajani. Kisha akarudisha mkono ndani ya boksi. Akapapasa pembe moja, akapapasa nyingine. Akatoa karatasi ya chini. Akalipindua boksi na kulikung'uta, na kipande cha gundi kikaanguka sakafuni.

"Na ya Doto?"

Jina lile halikuwa limetajwa katika nyumba hiyo kwa miezi mitatu.

"Mama, niliagiza moja."

"Niliona kwenye simu wameandika moja. Nikasema, hawa watu wa simu wamekosea."

"Hawakukosea. Mimi ndiye niliyewaambia waitoe." Na akamweleza yote, kidole, mashine, Winnie, Tasleem, akidhani mama akisikia jinsi alivyohangaika ataelewa. Alipofika kwa Kashindye aliona uso wa mama yake, akaishia hapo. "Sikutaka uumie, mama."

Mama aliitazama sweta iliyokuwa mapajani mwake kwa muda mrefu. Hakulia. Ingekuwa nafuu kama angelia.

"Dorcas, sikiliza. Mimi nimekula chumvi, kifo nakijua. Doto amekufa. Nilimfunga mimi kitambaa cha kichwa, udongo nikatupa. Padri kaniambia amekufa, watu wamekuja wamelia wameniambia amekufa, nimekubali. Mkagawa nguo zake zote. Sikusema neno. Mkatoa kitanda, sikusema neno. Ule msumari wake uko mtupu, kila asubuhi nikiamka ndio wa kwanza kuuona. Nikajiambia, vumilia Kulwa, mwezi wa sita Dorcas ataleta, tutautundikia." Akaikunja sweta mara mbili, mara tatu. "Hilo ndilo lililoniamsha kwenda kanisani. Tangu nizaliwe, mwanangu, sijawahi kupewa kitu kimoja. Hata karanga tuligawana. Watu wote hawa wameniambia mwenzangu amekufa, lakini kwamba mimi sasa ni mmoja, umeniambia wewe, leo hii."

Akairudisha sweta kwenye boksi, akalifunika.

"Sina hasira na wewe. Chai ipo jikoni. Hao samaki uwapare mapema, wasije wakaharibika."

Dorcas aliwapara samaki. Aliwapara huku magamba yakimrukia usoni na machozi yakichanganyika nayo, akijilaumu kwa sauti ya chini, mjinga wewe, mjinga wewe, umemsikia lini akiomba sweta moja? Alidhani anang'oa miiba, kumbe alikuwa anang'oa nguzo. Aliponawa mikono alizunguka nyuma ya nyumba, kwenye shamba la mihogo, akampigia Tasleem.

"Ile sweta. Nimefanya kosa. Inaweza kupatikana?"

Tasleem hakuuliza maswali. Akamtumia namba ya Kashindye, na Dorcas akapiga palepale. Alikuwa tayari kuambiwa imeshauzwa, iko njiani kwenda Mbeya au Songea, kwa mtu asiyejua chochote.

"Kaka, ni mimi, yule wa sweta za mapacha."

"Nilikuwa naingoja simu yako," Kashindye alisema.

"Bado ipo?"

"Ipo. Ningeipeleka wapi? Mfumo unazitambua zikiwa mbili, ya peke yake haina namba wala rafu. Nimeifunga kwenye mfuko, nimeandika Doto kwa kalamu, iko chini ya meza yangu." Kisha akaongeza, "Mama yangu alizaliwa Kulwa. Doto wake alikufa wakiwa wasichana wadogo. Mpaka leo akila ugali huacha tonge moja pembeni ya sahani. Sisi tumekua tukiliona lile tonge."

Dorcas akaegemea muhogo, nao ukayumba. "Mbona hukuniambia siku ile?"

"Nilikuuliza kama una hakika, dada. Ukasema unayo."

Jumanne saa nne asubuhi Dorcas alikuwa Mwaloni simu ilipoita. Alikuwa mama yake, na alikuwa anasoma, herufi moja baada ya nyingine, kama kawaida yake: "M-zi-go wa-ko u-me-to-ka. M-po-ke-a-ji, Do-to Ma-shi-mba. Swe-ta mo-ja." Kisha akasema, "Wamemwandikia kwa jina lake."

"Ndiyo, mama."

"Njoo mzigo ukifika, basi. Usituchelewee."

Alhamisi Dorcas alifunga hesabu zake mapema. Boksi la kwanza lilikuwa palepale juu ya kigoda, limefunikwa alivyoliacha, na mfuko wa Kashindye pembeni yake. Mama alimkabidhi huo mfuko.

"Wewe mtolee Doto. Mimi nitoe yangu. Sote pamoja, asitangulie mtu."

Wakazitoa pamoja. Zambarau mbili, mifuko minne. Mama akavaa yake hapohapo ingawa jua lilikuwa limeshawaka, akaingiza mikono mifukoni mpaka vifundoni, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaipokea ya pili kutoka mikononi mwa Dorcas, akaingia nayo chumbani.

Dorcas alimfuata mpaka mlangoni, hakuthubutu kupita zaidi. Mama aliitundika sweta kwenye msumari wa pili, akaweka mabega sawa, akarudi nyuma hatua moja kuitazama. Akainama chini ya kitanda chake, akavuta sanduku, na kutoka ndani ya sanduku akatoa miwani yenye mkono mmoja uliofungwa uzi. Kumbe aliificha siku ya matanga! Akaitia kwenye mfuko wa kulia. Akainama tena, akatoa kikopo kidogo cha bati, akakitikisa sikioni, akakitia kwenye mfuko wa kushoto.

"Alikana," mama alisema, na akaanza kucheka, cheko ambalo Dorcas alikuwa ameshalisahau, la tumbo, la kushika ukuta. "Mbele ya padri alikana! Na mimi nikamwapia kwamba sijawahi kukiona."

Wakacheka wote wawili, mama ndani, mwana mlangoni, mpaka machozi yakawatoka, na safari hii hakuna aliyesingizia moshi. Mama akajifuta kwa ncha ya kanga. Akaunyoosha mkono wa ile sweta ya msumarini, taratibu, kama anavyomnyooshea mtu nguo kabla ya kwenda kanisani.

"Mwakani uniletee moja tu," alisema. "Hii yake haitachakaa."